Kuhusu Twita Mbili Nilizoziunguza

Cibitoke, Bujumbura

Fundi wangu Yusufu,

Ninayo heshima ya kukuletea barua hii, ambayo ni ya kwanza kuiandika bila kutumwa na mtu yeyote. Unanifahamu kama mwandishi wa maombi ya watu wengine. Kwa miaka kumi na minne meza yangu ilikaa barazani mwa karakana yako, mimi nikiandika, wewe ukitengeneza redio, na wateja wangu walipokosekana nilishika koleo na kuwa mwanafunzi wako. Lakini ombi langu mwenyewe sijapata kuliandika. Uniwie radhi endapo mpangilio wake utakuwa na kasoro.

Nitaanza na mwisho, kwa kuwa hukupenda mtu azungukezunguke. Mabafle yako mawili, yale makasha makubwa ya spika, yanasema tena kama inavyostahili. Yamewekwa twita mpya. Mama Zuhura ameyasikiliza, na haondoki Cibitoke. Nimepumua, Fundi.

Baada ya hayo ninaomba ruhusa ya kukiri.

Unaikumbuka alasiri ile ulipokuwa umelala chumba cha ndani, mlango wazi, ukaomba mabafle yakuimbie polepole. Mama Zuhura alikuwa amekwenda kukuchukulia dawa. Umeme ukakatika. Kanuni ya karakana yako ninaifahamu kuliko jina langu: umeme ukikatika, mkono wa kwanza uende kwenye amplifaya kuizima, kwa sababu umeme ukirudi hurudi na hasira. Sikuizima. Ulikuwa mchana, sikuhitaji taa, na mbele yangu kulikuwa na ombi la mama mmoja muuza unga aliyenyang'anywa nafasi yake sokoni. Nilikuwa nimekwama katika sentensi moja. Sikuwa na hakika kama maneno "kwa unyenyekevu wote" yatangulie "ninadai haki yangu" au yafuate. Nilikuwa ninayapima maneno hayo, Fundi, wakati umeme uliporudi. Mabafle yalipiga mlio mmoja mkali kama ubao unaopasuka, kisha harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa nyumba nzima.

Twita zote mbili zilikufa. Vile vipaza vidogo vya juu kabisa, vinavyobeba sauti nyembamba ambazo mtu hazitambui mpaka zikosekane. Spika kubwa za chini zilipona, pembe za katikati zilipona, hivyo muziki uliendelea, lakini kama muziki uliofunikwa blanketi. Nikamalizia ombi la yule mama.

Kesho yake asubuhi uliniita kando ya kitanda. Ulisema, "Karani, sauti imekuwa mbali, ama?" Karani ndilo jina ulilonipa siku ya kwanza, na hukuniita jingine tena.

Nikakujibu, "Apana, Fundi. Ni homa inakukamata masikio."

Ninayaandika maneno hayo kama nilivyoyatamka, bila kuyavalisha nguo. Wewe ukageukia ukutani. Siku ya sita ukafariki. Mtu aliyeishi kwa masikio yake, nilimwacha aondoke akidhani kwamba yametangulia kufa kabla yake.

Ninakujibu leo, kwa kuchelewa. Ndiyo, sauti ilikuwa mbali. Masikio yako yalikuwa mazima.

Ulizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yenu. Mimi Mkristo nilisimama nyuma ya safu, na zamu yangu ilipofika nikashika jembe. Kisha Mama Zuhura akakaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutoka bila haja, hakujipaka manukato, bangili zake zote alizivua na kuzifunga katika kitambaa, na mabafle akayafunika kitenge. Kwangu mimi eda ile ilikuwa kama likizo. Hakuna aliyeyasikiliza mabafle, hakuna aliyeniuliza jambo.

Eda ilipokwisha alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kaseti ya majaribio. Unaijua kuliko mimi, lakini niruhusu niitaje, kwa sababu kesi yote inasimama juu yake. Uliirekodi mwenyewe, Zuhura akiwa bado anatambaa, ili kupimia kila redio inayotoka mikononi mwako. Unawasha kiberiti. Unaangusha ufunguo kwenye sahani. Unazungusha kijiko ndani ya glasi. Kisha unahesabu namba zenye kupigapiga ulimi: sita, saba, sitini na sita, sabini na saba. Katikati ya hesabu mke wako anaingia, kijana bado, bangili zinagongana mkononi, anasema, "We Baba Zuhura, unahesabu nini peke yako? Chakula inapoa." Na wewe unacheka. Hukuifuta sehemu hiyo. Cibitoke nzima imewahi kuchukua redio yake kwa kusikia chakula chako kinapoa.

Niliondoa kitenge, nikaiweka kaseti. Sauti yako ilitoka, nzito, ya kifuani. Lakini kiberiti hakikuwaka. Ufunguo ulianguka kama umeangukia godoro. Mama Zuhura wa kaseti aliingia bila bangili. Mama Zuhura wa kitini akainamisha kichwa, akatazama mikono yake mitupu, akasema, "Zima, Karani."

Nilidhani amenigundua. Nilizima, nikatoka, nikangoja kuitwa. Hakuniita.

Tangu siku ile alibadilika. Alianza kuzungumza kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Kinyozi wetu wa jirani aliniuliza nimemkosea nini mama yule hadi anishambulie kila asubuhi, kumbe alikuwa ananisalimia tu. Akaalikwa harusi Buyenzi, hakwenda. Nilijiambia kwamba ni huzuni, na huzuni ya mjane haina mwandishi anayeweza kuifanyia ombi.

Jumatatu moja akaja barazani, akaketi kwenye benchi la wateja wangu, akaniambia niandike barua kwa Zuhura, Rumonge. Niliweka tarehe na salamu. Akaendelea kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi:

"Andika. Mwanangu, masikio yangu imekufa. Baba yako alisemaka masikio ya mutu inaanza kufa huku juu, kwa sauti nyembamba. Ni vile yangu imefanya. Hata bangili zangu mu kaseti sisikie tena. Kuja unitoshe hapa, unipeleke kwako. Nyumba tuifunge, na mabafle, mwenye anayataka ayabebe."

Fundi, nimeandika barua nyingi zilizotiwa chumvi. Nimewahi kumwandikia mtu mwenye watoto wawili kwamba ana familia kubwa. Lakini sikuwahi kuandika barua ambayo uongo wake niliutengeneza mimi mwenyewe, kisha ukakua, ukamfanya mtu aache nyumba yake. Niliiweka kalamu mezani. Nikasimama, kama mtu anavyosimama mbele ya hakimu, nikamwambia kwamba masikio yake ni mazima, kwamba kilichokufa ni twita, kwamba aliyeziunguza ni mimi, siku gani, na kwa ajili ya sentensi gani.

Aliitazama barua isiyokwisha.

"Twita?" akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mi nalilia masikio, kumbe ni twita?"

Nilingoja anifukuze. Ingekuwa haki yake, na nilikuwa nimekwisha kuanza kukusanya karatasi. Lakini mashaka yakamrudia usoni, na hilo lilinitisha kuliko hasira. Akasema, "Unasema tu ili nisiende. Weka zingine, nisikie mi mwenyewe. Nikikosa kusikia, utamaliza barua yangu vile nimekuambia."

Hapo ndipo nilipohitaji kukuuliza mambo mia moja, na hukuwapo.

Nilifungua bafle la kushoto. Kwenye twita ya zamani nilikuta rangi nyekundu ya kucha, ile uliyomwomba Zuhura akiwa msichana ili kugandisha utando uliochanika. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona kwamba safari hii hapakuwa na cha kugandisha, kwani ule waya mwembamba kama unywele ulikuwa umegeuka mkaa. Na twita za aina ile hazitengenezwi tena.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilileta twita za gari kutoka kwa fundi mmoja wa Buyenzi. Garini ni nzuri. Ndani ya mabafle yako zilizama. Ulikuwa umenifundisha, nami nilisahau, kwamba bafle la pembe hukuza sauti kama mikono miwili iliyozungushwa mdomoni, na asiye na pembe akisimama kando yake hasikiki. Kwa hiyo twita nayo sharti iwe ya pembe. Niliulizia Kibenga, nikaulizia kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uvira, na mwishowe nilizipata Carama, katika kanisa lililokuwa limebadilisha vyombo vyake. Zilikuwa mbili, pacha, zenye utando wa chuma chepesi, bora kuliko zile ulizoishi nazo. Nilizigusisha betri ya tochi moja baada ya nyingine, zikajibu kwa mlio mdogo mkavu. Nilitembea nazo kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Mdomo wa twita mpya ulikuwa mpana kuliko tundu la zamani. Seremala niliyemwita akachukua msumeno. Nikamshika mkono. Ubao wa mabafle yale haujakatwa na mtu tangu wewe ulipoyatoa kwenye ukumbi mmoja wa sinema uliofungwa, na mkataji wa kwanza hatakuwa mimi. Nilimwagiza kibao cha mvule kinachofunika tundu lote na kuibeba twita katikati yake, skrubu zikiingia katika matundu yaleyale ya zamani. Chini ya kibao nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli ili hewa isivuje. Atakayetaka kurudisha za zamani atazirudisha bila kuacha kovu. Nimezihifadhi ndani ya bafle la kushoto, zimefungwa katika kitambaa safi.

Ikafuata filta, inayogawa sauti nene na nyembamba. Ukinzani wa twita zako ulikuwa omu kumi na sita, wa hizi ni omu nane, kwa hiyo niliikuza kondansateri, kile kikopo kinachozuia sauti nene, mara mbili ili sauti iendelee kugawanyika palepale ulipopachagua. Na kwa kuwa hizi zina kelele kuliko pembe za katikati, niliongeza rezistansi za kuzituliza. Hesabu hiyo niliirudia mara tatu pembeni mwa karatasi ya ombi la mtu. Ungefurahi kuona ninatafuta namba badala ya maneno.

Nikamwita Mama Zuhura. Akaketi kwenye kiti chako. Kiberiti kikawaka. Ufunguo ukalia. Ndipo wewe ulipoanza kuhesabu, Fundi, na sauti yako ilikuwa imetoboka katikati. Haikukaa mbele yetu. Ilitangatanga, mara bafle hili, mara lile, na pale palipotakiwa kuwa kifua chako palikuwa na shimo.

Mama Zuhura hakungoja hata bangili zifike. Alisema, "Huyu si yeye. Ni mutu anamuigiza." Kisha akainuka na kuniambia nimalizie barua yake asubuhi.

Usiku ule sitausimulia. Asubuhi niliyafungua mabafle yote mawili nikayalaza kando kwa kando, na nikaliona kosa langu, ambalo nadhani halingeweza kufanywa na fundi mwingine yeyote wa Bujumbura isipokuwa mwanafunzi wako. Katika karakana yako waya mweusi ni chanya na mwekundu ni hasi, kinyume cha dunia nzima. Niliwahi kukuuliza sababu. Ulinijibu kwamba aliyekufundisha alikosea hivyo tangu mwanzo, ukaona haya kumsahihisha, na baadaye mkono wako ukakataa kujifunza upya. Basi bafle la kushoto nililifunga kwa mazoea yako, mweusi kwenye chanya. La kulia nililifunga siku iliyofuata, na kwa kuwa twita zilikuja na karatasi yake, nilijivuna kwamba ninajua kusoma, nikafuata rangi za karatasi, mwekundu kwenye alama nyekundu. Kwa hiyo twita moja ilisukuma wakati nyingine inavuta.

Nilibadilisha nyaya mbili. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Kumrudisha Mama Zuhura kitini kulichukua muda zaidi. Nilimwomba kwa maneno yote ninayoyajua, na hayakusaidia. Aliyenisaidia ni kinyozi, aliyepiga kelele kutoka kibandani kwake kwamba asikilize tu, mama, maana mtu huyu ameanza kuukodolea ukuta kama anaunyoa kwa macho. Akaja. Hakuketi. Alisimama mlangoni, ameshika mfuko wake wa sokoni.

Kiberiti. Ufunguo. Kijiko. Kisha wewe, mzima, katikati ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sita, saba, sitini na sita. Kila herufi ilikuwa na meno yake. Nilikusikia ukivuta pumzi kabla ya sabini na saba, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote kumi na minne. Na bangili zikaingia, moja moja, unaweza kuzihesabu.

Mama Zuhura aliuweka mfuko chini. "Hizo ni zangu," alisema.

Aliniamuru nirudishe kaseti nyuma mara tatu. Mara ya nne aliingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akazivaa bangili zote, akautikisa mkono karibu na sikio, akasikiliza mabafle, akautikisa tena, kama mtu anayelinganisha vipimo viwili. Mwishowe akakaa. "Kumbe nilikuwa na sauti ya kitoto vile," akasema, na akacheka. Kisha akaniambia nichane barua ya Rumonge. Niliichana mbele yake, vipande vinane.

Sasa nikueleze hali ilivyo. Anazungumza kwa sauti ya kawaida. Kinyozi anamshukuru Mungu waziwazi. Harusi iliyofuata alikwenda, akarudi na malalamiko kwamba spika zao zilikuwa na twita mbovu, na kwamba aliwaambia. Zuhura nimemwandikia habari zote, pamoja na kosa langu, naye ametuma salamu na kuuliza kama rangi yake ya kucha bado ipo. Ipo. Na mimi usingizi umenirudia.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Wewe unafahamu kwamba kazini kwangu sitii sahihi kabla ya kumsomea mhusika barua yake. Mhusika wa barua hii siwezi kumsomea. Kwa hiyo leo asubuhi nimemsomea Mama Zuhura, yote, neno kwa neno, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Alijua nimeziunguza twita. Hakujua nilichokuambia kitandani. Nilipofika kwenye homa na masikio, aliuweka mkono juu ya karatasi.

"Karani," akasema, "we ni mutu wa vitabu lakini uko mujinga. Yule mwanaume alikuwa anajua redio imeungua kwa kunusa tu, akiwa bado kwa mulango. Nyumba yote inanuka vanishi, na we ulifikiri hajui?"

Nilimwuliza, kama wewe, Fundi, ulijua, kwa nini basi uliniuliza.

"Alikuuliza ili useme, upumuzike. We ukakataa kupumuzika. Na mimi ukanifanya kiziwi juu yake." Kisha akaondoa mkono na kuniamuru niyaongeze maneno hayo humu, bila kuyapamba.

Nimeyaongeza. Sina ushahidi wa kuyathibitisha, na hakuna ofisi itakayoyapigia muhuri. Lakini nilipomaliza kuyaandika nilitoka nje, nikasimama uso ukutani kwa muda, kama ulivyogeuka wewe asubuhi ile, na sikuweza...

Ninaendelea.

Kwa hiyo ninaahidi mambo mawili, na mashahidi ni Mama Zuhura na kinyozi anayesikiliza kila kitu. La kwanza, mtu akiniuliza kama sauti imekuwa mbali, nitasikiliza kwanza, kisha nitamwambia nilichosikia. La pili, katika karakana hii waya mweusi utabaki chanya. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa ndani ya kila bafle, na chini yake jina lako, ili atakayeyafungua baada yangu ajue ni mkono wa nani anaoufuata.

Mola wako akupokee kwa upole ule ulionipokea nao mimi. Pumzika, Fundi. Na mimi, kwa idhini yako, nimepumzika.

Ni mimi, Melkiori,
Karani wako